Geti linalotoza kwa gari: kwa nini darubini zilizounganishwa haziwezi kutumia kamera ya simu

Swali la msomaji: *Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, Iringa. Nilikuwa nawafundisha kidato cha sita mwingiliano wa mawimbi, nikawagusia darubini za CHARA ambazo huunganishwa ili kuona sura za nyota. Mwanafunzi mmoja akanibana. Amesoma kwamba kamera ya pale ina pikseli 320 kwa 256 tu, inapozwa hadi nyuzi 193 chini ya sifuri, na inasifiwa kwamba "haina kelele". Simu ya baba yake ina megapikseli 50. Kama tatizo ni mwanga kidogo, si waache shata wazi muda mrefu? Na hiyo kelele ni kelele gani, wakati kamera haina spika?*

Jibu:

Mwalimu, nitaanza na shata, maana hapo ndipo ulipo mzizi wa mengine yote.

CHARA iko Mount Wilson, California. Ni darubini 6 zenye vioo vya upana wa mita 1, zimetawanywa mlimani kiasi kwamba mbili zilizo mbali zaidi zimeachana kwa mita 331. Zote zinaelekezwa nyota moja. Mwanga unasafirishwa ndani ya mabomba yasiyo na hewa hadi kwenye jengo moja, unasawazishwa ili usitangulie wala kuchelewa, kisha unachanganywa. Unapochanganyika inatokea michirizi ile ile unayoichora ubaoni kwenye jaribio la Young la nyufa mbili, mweupe, mweusi, mweupe. Ukipima jinsi weupe na weusi wake ulivyokolea kwa kila jozi ya darubini, unaweza kuijenga sura ya nyota kwa undani wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao. Nyuzi moja ya pembe ina sekunde 3,600, kwa hiyo hapa tunazungumzia kuitambua sarafu ya sentimita 2.5 ikiwa umbali wa kilomita 5,000. Simama Dar es Salaam, sarafu iwe mbali kupita Mumbai.

Sasa hewa. Umeona lami ya mchana inavyofanya gari la mbele lionekane likicheza? Juu ya kila darubini kuna hewa ya namna hiyo, ila ni maili kadhaa kwenda juu. Mwanga unaoingia darubini ya kwanza unacheleweshwa kidogo kuliko wa darubini ya pili, na baada ya kitambo kifupi mambo yanageuka. Kamera tunayoizungumzia inafanya kazi kwenye infraredi ya karibu, mwanga uliopita kidogo wekundu ambao jicho haliuoni, urefu wa wimbi kama maikromita 1.65 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Njia moja ikirefuka kwa nusu ya hapo, yaani chini ya maikromita moja, palipokuwa na mweupe panakuwa na mweusi. Kwa mwanga huu hewa inahitaji milisekunde 10 hadi 20 hivi kufanya uharibifu huo. Ukiacha shata wazi sekunde nzima, mweupe unaangukia juu ya mweusi mara makumi, na mwisho unabaki na doa la mwanga lisilo na mchirizi hata mmoja. Fotoni, yaani chembe za mwanga, umezikusanya zote, lakini habari iliyokuwa ndani yake imefutika.

Kwa hiyo ni lazima upige picha fupi, milisekunde chache kila moja, tena maelfu kwa maelfu. Watu wa kwanza kupima upana wa nyota kwa njia hii walikwepa tatizo kwa namna ambayo huwa inanifurahisha. Desemba 1920, hapo hapo Mount Wilson, wanasayansi Michelson na Pease walifunga boriti ya mita 6 juu ya darubini kubwa ya mlima ule, wakaitazama nyota Betelgeuse, wakapata upana wa sekunde 0.047 za tao. Hawakutumia kamera. Walichungulia kwa macho, wakangoja michirizi ipotee. Jicho lina kasi ya kutosha kuifuata michirizi inayocheza, ila linahitaji nyota kubwa yenye mwanga mwingi. Nyota za kupimwa za aina hiyo ziliisha mapema.

Geti

Picha fupi maana yake ni fotoni chache. Na CHARA inazidi kuzigawa. Darubini 6 zinatoa jozi 15, kila jozi ina michirizi yake, na juu ya hapo mwanga unatawanywa kwa rangi, takriban rangi 8 hata kwenye mpangilio wenye rangi chache kabisa wa chombo chao cha kuchanganyia mwanga kiitwacho MIRC-X. Nyota moja iliyokuwa kitone imetandazwa juu ya mamia ya pikseli. Kwa nyota hafifu, pikseli moja katika picha moja inaweza kupata fotoni 5, au 2, au isipate kitu.

Fotoni ikiingia kwenye pikseli inang'oa elektroni. Shata ikifungwa, saketi inapima volti na kukisia elektroni ni ngapi. Transista inayopima nayo ina mtikisiko wake wa asili, hivyo kwenye elektroni 5 inaweza kukwambia 17, au hasi 6. Mtikisiko huo ndio tunaouita kelele ya kusoma. Jina limetoka kwa watu wa redio, waliokuwa wanausikia kweli kama mchakacho kwenye spika, kwa hiyo mwanafunzi wako hakukosea sana kuulizia spika.

Jambo la kulishika ni kwamba kelele hii hailipwi kwa sekunde. Inalipwa kwa kila usomaji. Mfikirie mkulima anayepeleka mahindi sokoni, njiani kuna geti la ushuru linalotoza kwa gari, si kwa gunia. Aliyejaza lori hasikii kitu. Aliyebeba debe moja kwenye pikipiki anamaliza mtaji. Mwanaastronomia wa kawaida anaacha shata wazi nusu saa, anapita getini mara moja na lori lililojaa. Mtu wa michirizi analazimishwa na hewa kupita kila baada ya milisekunde chache, na kila safari ana debe. (Mfano huu una kilema kimoja: geti la kweli huchukua tu, hili letu mara linachukua, mara linaongeza, na huwezi kujua lipi limetokea. Lakini kwa hesabu ya hasara unatosha.)

Weka namba ubaoni. Vigunduzi vya infraredi vya kizazi kilichotangulia vilikuwa na kelele ya elektroni kumi na kitu kwa kila usomaji. Chukua 12. Fotoni 5 zenyewe zina mtawanyiko wa kipeuo cha pili cha 5, kwa sababu zinakuja kwa kubahatisha kama matone ya mvua. Kelele zinajumlishwa kwa miraba: 5 jumlisha 144 ni 149, kipeuo chake ni 12.2. Ishara kwa kelele, yaani fotoni zenyewe ni mara ngapi ya kelele, ni 5 gawanya kwa 12.2, sawa na 0.41. Kamera kamilifu isiyo na kelele yoyote ya kusoma ingepata 2.24. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tano, na kwa kuwa wastani wa picha nyingi unaboreka kwa kipeuo cha idadi yake tu, kuifidia kunahitaji picha kama mara 30. Usiku mmoja unageuka mwezi. Na hapo nimekuwa mpole, kwa sababu kinachopimwa mara nyingi ni mraba wa ukali wa michirizi, na kwenye mwanga hafifu mraba unaadhibu vibaya zaidi.

Usidhani basi kamera za zamani hazikufanya kazi. MIRC, mzazi wa MIRC-X, ilitoa sura ya uso wa Altair mwaka 2007, nyota inayozunguka kwa kasi hadi imebonyea kama chungwa lililokaliwa. Lakini Altair ni miongoni mwa nyota angavu kabisa angani. Hilo lilikuwa lori lililojaa.

Kwa nini si simu

Sababu ya kwanza haina hata uhusiano na kelele. Kigunduzi cha simu ni silikoni, na silikoni inakoma kuona kwenye maikromita 1.1. Fotoni iliyopita hapo haina nishati ya kutosha kung'oa elektroni, basi inapita ndani ya silikoni kama mwanga unavyopita kwenye kioo cha dirisha. Chukua rimoti ya televisheni, bonyeza huku unaitazama kwa kamera ya mbele ya simu. Simu nyingi zitakuonyesha taa ya rimoti ikiwaka kwa rangi ya zambarau, kwa sababu iko karibu na maikromita 0.94. Kwa 1.65 simu ni kipofu kabisa, hata ungeipeleka kwa fundi gani.

Kwa nini basi wasibaki kwenye mwanga wa kawaida? Wapo wanaobaki. Ila kwa mwanga huo hewa inacheza kwa kasi zaidi, na tunavyovitaka sana, kama nyota changa zilizofunikwa na vumbi, vinajitokeza vizuri kwenye infraredi.

Kuhusu wingi wa pikseli, michirizi haihitaji mamilioni. Inahitaji chache, zenye ukarimu. Pikseli moja ya kigunduzi hiki ina upana wa maikromita 24. Ukizipanga pikseli za simu zenye upana wa maikromita 1 ndani yake zinaenea 576. Na kigunduzi kizima, pikseli zote 81,920, hakizidi milimita 8 kwa 6 na kidogo. Unaweza kukifunika kwa ukucha.

Punje inayozaa suke kabla ya geti

Hapa ndipo penye werevu wenyewe. Kama huwezi kulipunguza geti, ongeza mzigo kabla ya kulifikia. Kigunduzi kiitwacho SAPHIRA, kilichotengenezwa Southampton, Uingereza, na kampuni iliyoitwa Selex (sasa ni Leonardo), kwa kushirikiana na taasisi ya Ulaya ya ESO, kinafanya hivyo ndani ya pikseli. Malighafi ni mchanganyiko wa zebaki, kadimi na teluri. Ukibadilisha uwiano wa zebaki na kadimi unabadilisha nishati inayohitajika kung'oa elektroni, yaani unachagua kigunduzi kianze kuona wapi na kiishie wapi. Tabaka la juu limepangwa kumeza fotoni hadi maikromita 2.5. Elektroni iliyong'olewa inashuka kwenye tabaka la pili, lenye pengo dogo zaidi la nishati, ambako volti kubwa inaisukuma. Inakimbia, inagonga, inang'oa nyingine. Sasa ni mbili, zinakimbia, zinakuwa nne. Ni poromoko, na ndiyo maana kifaa kinaitwa diodi ya poromoko. Ukipandisha volti, elektroni moja inafika kwenye saketi ikiwa 10, 50, 80 au zaidi.

Geti lenyewe halikubadilika. Pengine ni baya zaidi, maana kusoma haraka kunaruhusu mtikisiko mwingi kupenya. Tuseme ni elektroni 40. Lakini punje imeshazaa suke la punje 80 kabla ya kufika. Ukirudisha hesabu kwenye punje ya mwanzo, kelele ni 40 gawanya kwa 80: nusu elektroni.

Kwa kasi nako wamefikiri. Kigunduzi kina njia 32 za kutolea data, na zimepangwa zisome pikseli 32 zinazofuatana kwenye mstari kwa wakati mmoja. Faida yake ni kwamba ukikata kidirisha kidogo tu cha picha unachokihitaji, njia zote 32 bado zina kazi. Kampuni ya First Light Imaging ya Ufaransa imekiweka ndani ya kamera iitwayo C-RED One inayoweza kutoa picha kamili 3,500 kwa sekunde, na ndiyo iliyofungwa kwenye MIRC-X mwaka 2017.

Sasa kasoro, maana matangazo huwa hayaisemi. Masuke hayalingani. Punje moja inazaa 60, nyingine 110. Ukipokea punje 160 getini, mwanzo zilikuwa mbili, au moja iliyobahatika? Kutokuwa na hakika huko kunapimwa kwa namba, tuiite F, inayozidisha mtawanyiko wa fotoni zenyewe. F ikiwa 1, masuke yote yanalingana. Kwenye diodi za poromoko za kawaida F hufika 2 na kupita, kwa sababu elektroni zinazaa, na matundu yanayoachwa nyuma nayo yanazaa yakirudi upande wa pili, basi poromoko linakwenda mbele na nyuma ovyo. Kwenye mchanganyiko wa zebaki na kadimi matundu ni mazito, hayazai. Elektroni pekee ndizo zinazokimbia, kuelekea upande mmoja, na poromoko linakuwa na nidhamu. Kwa nadharia F inakaribia 1. Kwenye kamera ya MIRC-X, watafiti walioichunguza kwa mwanga hafifu sana walitangaza mwaka 2019 kwamba walipata karibu 1.47. Walikuwa na tumaini la kuhesabu fotoni moja moja, na masuke yasiyolingana ndiyo yaliyowazuia.

Rudi ubaoni. Fotoni 5, F 1.47, kelele ya kusoma 0.5: ndani ya kipeuo kuna 7.35 jumlisha 0.25, na ishara kwa kelele ni 1.81. Ilikuwa 0.41. Picha zilizohitajika zimepungua kama mara 20.

Kisha wape wanafunzi fotoni 1,000 badala ya 5. Kamera ya zamani inapata 29.6. Hii mpya, ikiwa na poromoko, inapata 26.1. Imeshindwa! Mwenye lori lililojaa hana sababu ya kuhangaika na masuke, anajiongezea wasiwasi bure. Kwa namba zangu hizi mstari wa mpaka ni karibu fotoni 300 kwa pikseli kwa usomaji. Kwa maoni yangu hili ndilo swali zuri la mtihani kuliko yote yaliyomo humu, kwa sababu mwanafunzi aliyekariri kwamba kamera mpya ni bora atalikosa.

Baridi

Nyuzi 193 chini ya sifuri ni karibu kelvini 80. Pengo la nishati likiwa dogo, joto lenyewe linaweza kung'oa elektroni pasipo fotoni yoyote, na hizo nazo zinaingia kwenye poromoko na kuzaa kama halali. Baridi inazituliza. Lakini baridi ya kigunduzi haitoshi, kwa sababu chumba nacho kinang'aa. Mara ya kwanza nilipoiwasha kamera ya jamii hii maabara nilifikiri imeharibika. Wingu jeupe lilikuwa linapita kwenye picha, linarudi, linapita. Ilikuwa mkono wangu mbele ya dirisha la kamera. Kwenye maikromita 2.4 kiganja cha mtu ni taa. Ndiyo maana mbele ya kigunduzi huwekwa vichujio na vizuizi vilivyopozwa, vinavyokata mawimbi marefu na kukiachia kigunduzi kitundu kidogo tu cha kuonea. Kelele ya kusoma ilipokuwa elektroni 12, mng'ao wa ukuta ulikuwa umejificha chini yake. Ilipoondoka, ukuta ndio ukawa adui.

Shata ndefu, kumbe inawezekana

Nimemkatalia mwanafunzi wako shata ndefu, lakini nina deni la kumwambia kwamba kuna mahali wanaifungua. Chombo cha GRAVITY, Paranal, Chile, kinaunganisha darubini 4 za mita 8.2 kila moja. Kinatazama vitu viwili kwa pamoja. Kimoja ni nyota angavu jirani, ambayo michirizi yake inasomwa mara mia kadhaa kwa sekunde na SAPHIRA. Michirizi ikihama, vioo vinasogezwa papo hapo na kuirudisha. Kwa kuwa michirizi imeshikiliwa, kamera ya pili, ya aina ya kawaida isiyo na poromoko, inaacha shata wazi kwa makumi ya sekunde juu ya kitu hafifu. Inapita getini na lori lililojaa.

Ndivyo walivyoifuata nyota S2 karibu na shimo jeusi lililo katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, hadi ilipopita karibu kabisa Mei 2018 kwa kasi ya kilomita zipatazo 7,700 kwa sekunde. Mwanga wake ulionekana kuvutwa kuelekea wekundu kama nadharia ya Einstein inavyotaka, na Reinhard Genzel, kiongozi wa kundi hilo, alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020. Vigunduzi vya SAPHIRA havikuipiga picha S2 hata mara moja. Kimoja kilishika michirizi ya nyota ya jirani, na vingine vinne vilinyoosha mwanga uliokunjwa na hewa, kimoja kwa kila darubini.

Darasani

Unaweza kuyaonyesha haya kwa kalamu ya leza na simu. Fukiza kipande cha kioo kwa moshi wa kibatari. Bana nyembe mbili pamoja, kwaruza mara moja: unapata nyufa mbili zilizoachana kama milimita 0.1. Ukiwa na leza nyekundu na ukuta ulio mita 2, michirizi itaachana zaidi ya sentimita moja. Waonye wasiitazame leza machoni.

Weka simu kwenye hali ya kamera inayokuruhusu kupanga shata mwenyewe. Mmoja awe anaigonga leza taratibu kwa kidole, ndiyo hewa yetu. Kwa shata ya nusu sekunde michirizi itafutika, kwa sehemu ya mia tano ya sekunde itaonekana. Kisha weka miwani ya jua mbele ya leza, moja, halafu mbili, halafu tatu, bila kubadilisha shata. Kuna mahali picha itaacha kuwa michirizi na kuwa chenga za rangi rangi zilizotapakaa hata pale pasipofika mwanga. Hapo mwite yule mwanafunzi aje mbele, mwonyeshe chenga, umwambie hiyo ndiyo kelele aliyokuwa anaiulizia.